Unajizuia na nani?

Ile video ya watoto na mashimalo imezunguka tena kwenye magrupu wiki hii, mnaijua, mtoto anakalishwa kwenye kiti, mezani kuna peremende moja nyeupe laini, anaambiwa ukisubiri mpaka nirudi bila kuila nakupa na ya pili, afu mtu mzima anatoka na mlango unafungwa. Mtoto anabaki anaikodolea macho. Mmoja anainusa, mwingine anaipa mgongo, kuna anayemega kaukingo kadogo na kucha akidhani haitajulikana, na kuna yule ninayempenda kuliko wote ambaye mlango haujafungwa vizuri yeye ishafika tumboni. Na chini ya video kila mara maneno ni yaleyale, anayejizuia leo ndo atakayefanikiwa kesho, nidhamu ndo kila kitu, jiulize wewe ni mtoto yupi.

Video nacheka nayo kama kila mtu, ila hayo maneno ya chini yananikera, maana yanamchukua mtoto mmoja kwenye chumba kimoja na kumfanya kama vile kujizuia kwake kumeanzia kwake na kuishia kwake, hana wazazi, hana wenzake, hana mtu aliyewahi kumdanganya. Mi nadhani sehemu kubwa sana ya uvumilivu wa mtu inatoka kwa watu waliomzunguka, wanasubiri nini, wanamcheka nani, nani anawaona, na wakiahidiana wanatimiza au la. Na siyo mimi tu ninayesema hivo, kuna watu wamekaa na watoto na mashimalo kwa miaka wakitafuta jambo hilohilo.

Jaribio lenyewe ni la mwanasaikolojia Walter Mischel, alilifanya na wenzake mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 kwenye chekechea iliyokuwa ndani ya chuo kikuu cha Stanford kule Marekani. Kilicholipa jina siyo jaribio, ni kilichofuata, kwamba mwaka 1990 yeye na wenzake wakachapisha kwamba wale waliosubiri muda mrefu walipokua walikuwa na maksi nzuri zaidi za mtihani wa kuingia chuo na wazazi wao wakawasifu kwa utulivu. Sasa fikiria, chekechea ya chuo kikuu, watoto wengi ni wa wahadhiri na wanafunzi wa pale, na waliofuatiliwa mpaka mwisho walikuwa wachache. Mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake wakarudia hesabu kwa watoto zaidi ya 900 wa familia za aina mbalimbali, uhusiano ukaonekana upo ila ni kama nusu ya ule wa kwanza, na walipoweka kwenye hesabu mambo ya familia, mazingira ya nyumbani na uwezo wa mtoto wa mapema, ukapungua tena kwa theluthi mbili. Hapo sijasema watoto hawatofautiani, wanatofautiana, mwenye watoto wawili anajua. Ila ule utabiri wa maisha mazima kwa peremende moja, hapana jamani.

Kinachonifurahisha ni kwamba Mischel mwenyewe alijua habari ya watu wengine mapema kabisa, kabla ya hiyo video kuwa video. Mwaka 1965 yeye na Albert Bandura walichukua watoto wa shule ya msingi, wakawapima kwanza nani anapenda zawadi ndogo sasa hivi na nani yuko tayari kungoja iliyo kubwa, afu baadhi yao wakamwona mtu mzima akichagua kinyume na tabia yao. Mwenye haraka akamwona mtu anayengoja, mvumilivu akamwona mtu anayetaka chake leo. Watoto wakageuka. Wavumilivu wakaanza kuchukua cha leo na wenye haraka wakaanza kungoja, na walipopimwa tena wiki kadhaa baadaye mabadiliko yalikuwa bado yapo. Yaani mtu mzima mmoja tu akichagua vitu mbele yako. Hii sehemu huwa haiwekwi chini ya video.

Twende kwenye fulana sasa. Sabine Doebel na Yuko Munakata, mwaka 2018, walikuwa na watoto wa chekechea na swali lao lilikuwa rahisi, je mtoto anasubiri zaidi akiambiwa kwamba wenzake wanasubiri? Mtoto anaambiwa wewe ni wa kikundi cha kijani, anavalishwa fulana ya kijani, anaonyeshwa watoto wa kijani na watoto wa rangi ya chungwa. Afu nusu ya watoto wanaambiwa wenzako wa kijani walisubiri ile ya pili, wale wa chungwa hawakusubiri, na nusu nyingine wanaambiwa kinyume chake. Basi. Hakuna hotuba, hakuna kufundishwa mbinu ya kujizuia, hakuna kuambiwa ukisubiri wewe ni mtoto mzuri. Na hao wenzake hawajui, hajawahi kucheza nao, undugu wao ni fulana tu, tena ya dakika kumi zilizopita. Walioambiwa kijani tunasubiri wakasubiri zaidi, na walipoulizwa baadaye wakaonekana kuwapenda zaidi watoto wengine wanaosubiri, yaani kusubiri kwenyewe kukaanza kuwa kitu kizuri machoni pao, siyo njia tu ya kupata peremende ya pili.

Niseme ukweli hilo la mwisho ndo lililonikamata. Kumwiga mtu ni jambo moja, lakini kuanza kukipenda kitu kwa sababu ni cha kwenu ni jambo jingine, na watu wazima tunafanya hivo asubuhi mpaka jioni. Mtu anayekaa na watu wanaoamka mapema kukimbia anaanza kuwaona wanaolala kama wavivu, akihamia kwenye kazi ambayo kila mtu anakesha, mwaka haujaisha anawacheka wanaolala mapema. Hajabadilika nidhamu. Amebadilisha fulana.

Lakini lililo tamu kuliko yote kwangu ni la mwaka 2022, la Kaichi Yanaoka na Munakata na wenzao, na hapa naomba mnivumilie kidogo kwa sababu linaharibu kabisa ile hadithi ya jamii zenye nidhamu na jamii zisizo na nidhamu. Walichukua watoto wa Kyoto, Japani, na wa Boulder, Marekani. Baadhi wakawapa jaribio lilelile la chakula, moja sasa au mbili baadaye, dakika kumi na tano. Watoto wa Japani wakasubiri sana, ukiwapanga kwenye mstari kwa muda waliosubiri yule wa katikati kabisa alifika mwisho wa dakika 15, wakati yule wa katikati wa Marekani hakufikisha hata dakika 4. Hapo mtu wa maneno ya chini ya video angeshaandika, mnaona Wajapani, nidhamu ile, ndo maana wameendelea.

Sasa badilisha kitu mezani. Kwa watoto wengine watafiti wakatoa chakula wakaweka zawadi iliyofungwa kwenye karatasi, ifungue sasa upate moja au subiri upate mbili. Watoto wa Kyoto, jamii ileile ya nidhamu ya ajabu, wakashindwa, yule wa katikati hakufika dakika 5. Na wa Marekani, ambako wenzao walikula peremende ndani ya dakika tatu na kitu, wakaketi wakaiangalia zawadi karibu dakika 15 zote.

Kwa nini? Kwa sababu Japani mtoto anakua akiona chakula hakiguswi mpaka wote wamepewa na maneno ya kuanza kula yamesemwa, nyumbani hivo, shuleni hivo, kila siku. Marekani zawadi ya siku ya kuzaliwa au Krismasi inakaa imefungwa pale, unaiona, unaitikisa ukitaka, ila muda wake wa kufunguliwa unajulikana na kila mtu. Upande wa Japani zawadi zinatolewa mwaka mzima na hazina saa maalumu ya kungojewa namna hiyo. Na ndani ya jamii hizohizo, waliozoea zaidi kungoja nyumbani na wanaojali zaidi wengine wanafanyaje ndo waliosubiri zaidi. Kwa hiyo watoto wa jamii ileile ni wavumilivu na hawana uvumilivu, inategemea umewawekea nini mbele, na unachowawekea kina sheria yake ambayo jamii imeshawafundisha mamia ya mara bila kuita somo la nidhamu.

Mi nimeshaona jambo hili kwa watu wazima kabisa. Kuna mtu namfahamu ambaye pesa haikai mkononi hata siku mbili, mshahara ukiingia umetoka, na watu wote wamemwandika kama mtu asiyejiweza, lakini huyohuyo akifunga anafunga kamili bila hata tone la maji na jioni hana haraka ya kukaa mezani. Huwezi kuniambia hana uwezo wa kujizuia. Uwezo anao tele, ila kwenye kufunga kuna watu wote wamefunga naye na saa inajulikana, kwenye mshahara yuko peke yake na kila rafiki yake anatumia.

Kuna na suala la nani anaona. Mwaka 2020 Fang Ma, Gail Heyman na wenzao walifanya jaribio la kusubiri kwa watoto wa miaka mitatu na minne huko China, wengine wakaambiwa mwalimu wako ataambiwa umesubiri muda gani, wengine wakaambiwa mtoto mwenzako ndo ataambiwa, wengine hawakuambiwa chochote. Aliyeambiwa habari ya mwalimu alisubiri karibu mara mbili ya yule ambaye hakuambiwa kitu. Wa kuambiwa mwenzake naye alisubiri zaidi, ila siyo kama wa mwalimu. Miaka mitatu! Hajui kuhesabu vizuri ila sifa yake kwa mwalimu anaijua.

Mwaka huohuo 2020 Rebecca Koomen na wenzake walifanya kitu kingine ambacho mi naona ni kizuri zaidi ya hicho cha sifa, watoto wa miaka mitano na sita, Wajerumani na Wakikuyu wa Kenya, wawili wawili. Wanacheza kwanza pamoja wazoeane, afu kila mmoja chumba chake na biskuti yake. Kundi moja ni kama kawaida, ukisubiri unapata ya pili na ya mwenzako haikuhusu. Kundi jingine wameunganishwa, ya pili mnaipata wote wawili kama wote wawili mmesubiri, mmoja akila imekula kwenu wote. Kwa hesabu kavu aliyeunganishwa ana sababu ndogo ya kusubiri, si mwenzie anaweza kula wakati wowote na wewe ukabaki na subira yako. Na bado waliounganishwa ndo waliosubiri zaidi, Wajerumani na Wakikuyu wote, bila kuonana wala kuongea. Nikisoma hivo naona aibu kidogo kwa niaba ya nadharia zinazosema mtu ni mbinafsi kwanza, mengine baadaye.

Na kwa kuwa nimetaja Wajerumani, mwaka 2018 Bettina Lamm na wenzake walilinganisha watoto wa miaka minne wa Kijerumani wa tabaka la kati na watoto wa Wanso, wakulima wa kaskazini magharibi mwa Kameruni. Karibu asilimia 70 ya watoto wa Kinso walisubiri mpaka mwisho, Wajerumani hawakuzidi sana robo. Na namna ya kusubiri ilikuwa tofauti pia, Wajerumani wanahangaika, wanaimba, wanazunguka chumba, wanajigeuza huku na huku, Wanso wamekaa tu, na wengine kweli kabisa wakapitiwa na usingizi kwenye kiti. Watafiti walikuwa wamewafuatilia na mama zao tangu uchanga, na mama wa Kinso anamlea mtoto akitegemea utulivu tangu miezi ya mwanzo, hisia haziachwi zimwagike kila mahali, na mkubwa akisema jambo limesemwa. Mi sijui kama ningependa malezi hayo yote, kuna bei yake, mtoto asiyezoea kusema nataka anaweza akakua mtu mzima asiyesema nataka. Ila ukisema watoto wa wakulima maskini hawana subira ndo maana ni maskini, na kuna watu wanasema, hapo huna pa kusimama.

Sasa upande mchungu. Mvumilivu hula mbivu, sawa, lakini hiyo ni kama hakuna mtu anayepita usiku kuzivuna mbichi. Celeste Kidd alipokuwa akijitolea kwenye makazi ya familia zisizo na nyumba aliwaza, hawa watoto ambao chochote walichonacho kinaweza kuchukuliwa muda wowote wangefanyaje kwenye jaribio la mashimalo, na mwaka 2013 yeye na wenzake wakachapisha jibu. Watoto 28, miaka mitatu mpaka mitano. Kabla ya peremende wanapewa kazi ya kuchora na krayoni zilizochakaa, mtu mzima anasema subiri nikakuletee nzuri zaidi. Nusu wanaletewa kweli. Nusu nyingine mtu mzima anarudi mikono mitupu, samahani, kumbe hakuna. Inarudiwa na stika, hivohivo. Afu ndo peremende. Walioletewa vitu walisubiri kwa wastani dakika kama 12, na 9 kati ya 14 walifika mwisho. Waliodanganywa dakika kama 3, na aliyefika mwisho alikuwa mmoja tu.

Na hao walidanganywa mara mbili tu, siku moja. Piga picha mtu aliyeahidiwa na kuachwa miaka yote, na mzazi, na mwajiri, na kila anayegombea uongozi, afu anakuja mtu na suti kumfundisha kufikiria miaka ishirini mbele. Akila yake leo siyo mjinga wala hana haraka, amesoma mazingira vizuri kuliko mwalimu wake. Kwa hiyo mtu akiniambia jamii fulani haina utamaduni wa kuweka akiba swali langu la kwanza ni nani aliwahi kuwatunzia kitu kikarudi salama.

Na desturi haivuti upande wa kusubiri tu, inasukuma pia upande wa kutumia, tena kimyakimya. Uholanzi kuna bahati nasibu ya namba za posta, ikitoka namba ya mtaa wenu wote waliokata tiketi wanapata pesa, na wakati wa utafiti huu kulikuwa na gari ya BMW ndani yake. Peter Kuhn na wenzake mwaka 2011 walichapisha walichokikuta kwa majirani, wale ambao hawakukata tiketi kabisa na hawakupata hata senti, majirani wa karibu na washindi wakawa wananunua magari zaidi. Hawana pesa mpya. Wana jirani mwenye gari mpya. Sa hivi jirani wenyewe wako kwenye simu, mia tano kwa mpigo, na hakuna anayepiga picha akaunti yake ya akiba akaituma, hata ingekuwa nzuri vipi. Tunachokiona kwa wenzetu ni matumizi tu, kusubiri hakuonekani, na kisichoonekana mtu anadhani hakipo.

Hapo ndo naona jaribio la Felipe Kast, Stephan Meier na Dina Pomeranz kule Chile lina maana kubwa. Wafanyabiashara wadogo, wengi kipato kidogo, wengine wakapewa akaunti ya kawaida, wengine akaunti yenye riba ya juu zaidi, wengine akaunti pamoja na kikundi ambacho mtu anataja mbele ya wenzake ataweka kiasi gani na kila wiki wanaangaliana. Riba haikusogeza watu wengi. Kikundi kikasogeza, idadi ya mara za kuweka pesa ikawa mara tatu na nusu na salio likakaribia kuwa maradufu. Mtu wa uchumi aliyesoma kwamba watu wanafuata riba inabidi akae chini hapo.

Afu wakajaribu toleo la simu, hakuna mikutano, unapata ujumbe wa kukuambia umefikia lengo la wiki au hujafikia na wenzako wanaendeleaje, na wengine wakapewa rafiki wa akiba anayepokea taarifa zao. Ikafanya kazi karibu sawa na kikundi chenyewe. Na rafiki kupokea au kutopokea hakukuleta tofauti ya maana, kilichotosha ni mtu kujua kuna mahali panahesabiwa na wenzake wanahesabiwa pia. Hili mi sikulitegemea, nilidhani aibu ya kuonwa ndo injini yote.

Tumeanza na binamu yangu kufanya kitu cha namna hiyo, kila mwisho wa mwezi tunatumiana ujumbe, kiasi hatutaji, ni kuandika tu nimeweka au sijaweka, hakuna kulaumiana wala kupeana ushauri maana ushauri ndo unaoua vitu hivi. Mwezi uliopita akaandika sijaweka na picha ya viatu vipya, na viatu ni vizuri kweli, nimeuliza kama wana saizi yangu.